Usimtoe Bibi

Rubya, Muleba
Jumatano, 5 Machi 2025

Ashura wangu,

Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, umekwisha kunizika kichwani tangu nilipopotea Kashai bila kuaga. Niko kwa masista, nyumba ndogo karibu na Rubya ambako wanaoka hostia za parokia. Anayekuletea barua hii ni Sista Benadetha. Kila Alhamisi anapeleka maboksi ya hostia Bukoba mjini. Usishtuke kuona mtawa anaingia kwenye chumba chako cha gemu. Mpe kiti, ila usimpe soda baridi, meno yanamsumbua.

Utaratibu wa hapa ni kwamba barua inatoka wazi na Sista anaisoma kwanza. Kwa hiyo, Sista, shikamoo, najua uko hapa.

Simu sina na usinitafutie. Nilibadili laini mara mbili, na mara zote mbili Karugendo alinipata, sijui kwa njia gani. Ya mwisho niliitupa chooni.

Uliyoyasikia ni kweli. Siku ile nilipomshinda kwenye gemu mbele ya vijana wako wote, alicheka, akanipongeza, akanishika bega mpaka nyumbani. Tulipofika akaniambia niweke mkono kwenye fremu ya mlango. Niliuweka, Ashura. Ukikaa na mtu wa namna ile unajifunza kutii kabla hujafikiri. Akaupiga mlango teke. Vidole viwili vya mkono wa kulia, mfupa ukatokeza nje. Alisema mikono hii inamwaibisha, kisha akatoka kwenda kuninunulia dawa ya maumivu.

Najua huko mjini wanasema nimemkimbia mume. Mume gani? Hakuna aliyepeleka posa kwetu Kimwani, hakuna padri aliyetuombea, na neno lenyewe sijawahi kulitamka, hata alipolidai kwa ngumi.

Leo ni Jumatano ya Majivu, na wewe umefunga Ramadhani, basi tuna njaa wote wawili. Nipe habari za vita. Nani anamtembeza Bibi siku hizi?

Annastella

*

Bukoba
Alhamisi, 13 Machi 2025

Shoga yangu,

Nimelia mbele ya wateja. Mdogo wangu Faruku akawaambia ni ukali wa vitunguu, na vitunguu vyenyewe hatujamenya.

Sista wako aliingia, vijana wote wakavua kofia. Kwenye skrini askari alikuwa amekatwa kiunoni, anajivuta kwa viwiko, utumbo unamfuata, na hakuna aliyekumbuka kusimamisha gemu. Sista aliangalia mpaka yule askari alipotulia, akajifanyia ishara ya msalaba. Halafu akauliza lile dubwana la chuma linalosimama nyuma ni nini.

Nikamweleza. Nikasema huyo ni roboti wa kuvunja ngome, sisi tunamwita Bibi kwa sababu hakimbii. Ana miguu sita na anatembea kama anayetoka kufanyiwa upasuaji. Kabla ya kupiga lazima azamishe miguu ardhini, akae, atulie. Akishakaa, bomu lake linavuka ramani nzima na kuangusha ukuta wowote. Lakini adui akimfikia miguuni, hana la kufanya, atachanwa vipandevipande amekaa palepale. Sista akauliza, "Sasa kwa nini msitume wenye mbio?" Vijana wakacheka, maana ndiyo hoja yao pia. Tangu uondoke hakuna anayemgusa Bibi. Hawana subira, wote wamehamia kwenye Nyigu, zile ndege ndogo za kuuma na kukimbia.

Sasa lile nisilopenda kukuandikia. Karugendo alikwenda Kimwani kukutafuta. Kaka yako Projestus akamwambia hajui ulipo, naye kweli hakujua. Alimpiga kwa mpini wa jembe mbele ya mama yenu. Meno ya mbele yametoka, na jicho moja bado limefumba. Kisha akarudi mjini, na jioni akaja hapa kwangu akacheza kama mtu aliyetoka kuoga. Anaapa mbele ya watu kwamba siku akikupata hutatembea tena.

Kumfukuza siwezi, Faruku anamwogopa, na mimi pia. Lakini Jumamosi ya tarehe 5 Aprili, baada ya Iddi, tuna mashindano, na jina lake lipo. Nataka kumpasua mbele ya mji mzima. Nifundishe Bibi, shoga. Kila kitu, ulivyokuwa unafanya wewe.

Ashura

*

Rubya
Jumatano, 19 Machi 2025

Ashura,

Habari ya Projestus niliisoma jikoni nikiwa na kisu mkononi, nikakiweka chini kwa sababu nilijiogopa. Nakichukia kila kipande cha mwili wa mtu yule. Sista, usikifute hiki.

Haya, somo. Kwanza, Bibi usimwonee huruma, na walinzi wake usiwaonee kabisa. Mpe askari wenye ngao, na tangu unapowaunda ujue ni maiti. Kazi yao ni kufa polepole. Nyigu wakishawafunika na kuanza kuwatoboa, usiwavute nyuma. Elekeza bomu la Bibi hapohapo, juu ya kichwa cha watu wako. Nyigu hawatoki kwenye nyama waliyoing'ang'ania. Utawachoma wote pamoja, wa kwako na wa kwake, na atakayebaki ni wewe.

Pili, ndilo jambo langu mimi. Kambi yako iache iungue. Wenzetu wote wanapovamiwa wanarudi kulinda nyumba. Usirudi. Wakiwa wanachinja mafundi wako na kuchoma ghala, wewe mtembeze Bibi pembezoni mwa ramani, kule kwenye maji, taratibu, wala usimtazame. Wakati wanashangilia juu ya majivu yako, yeye anazamisha miguu nyuma ya ukuta wao. Bomu la kwanza kwenye mitambo ya umeme. La pili kwenye lango, ili wasitoke. Yanayofuata yapige popote, humo ndani hakuna wa kukukimbia tena. Nilikuwa nasikiliza mpaka kelele ziishe.

Tatu, na hili nalisema kwa uzito. Mtumie Bibi kwa mtu yeyote, lakini ukikutana na Karugendo, usimtoe. Hata kama unashindwa. Shindwa. Utanielewa.

Annastella

Binti yangu Ashura, Tumsifu Yesu Kristo, au kwa jinsi mnavyosalimiana kwenu. Ni mimi Benadetha. Nimesoma yaliyo hapo juu na sikulala vizuri. Naomba kujua jambo moja. Hao wenye ngao, wanaambiwa kabla kwamba watapigwa na mkubwa wao, au hawaambiwi?

*

Bukoba
Alhamisi, 27 Machi 2025

Annastella,

Mwambie Sista hawaambiwi. Najua atasikitika.

Nimefanya mazoezi mpaka macho yanawasha. Jumapili nilimvaa Aroni wa Hamugembe, yule mwenye majigambo. Aliingia kambini kwangu na vifaru, akakanyaga mafundi wangu mmoja mmoja, damu ikaruka mpaka kwenye paa. Mikono ilikuwa inaniwasha kurudi. Sikurudi. Bibi alizunguka kando ya maji huku Aroni anacheka. Kisha akazamisha miguu. Lango lilifumuka, askari wake wakatoka wanawaka, wanakimbia ovyo, wanagongana. Niliwapiga mpaka akaomba basi. Faruku alitoka nje akasema hanitambui.

Nilijisikia vizuri, shoga. Nikikuambia uongo utajua.

Lakini hilo la tatu limeniuma. Bibi nimtumie kwa Aroni na watoto wa shule, ila Karugendo umemwacha awe wako peke yako? Nimekaa naye kila jioni tangu uondoke, ananiita malaya mbele ya wadogo zangu, ananitisha kuchoma duka. Si wewe tu uliyeumizwa. Kama unaona aibu mtu mwingine ashinde kwa mtindo wako, sema. Nimesema nitakusikiliza, basi nitakusikiliza, lakini sijapenda.

Iddi inakuja, nitampa Sista biriani ya kuku akuletee. Asiitie maji njiani akidhani imekauka.

Ashura

*

Bukoba
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Shoga yangu, shoga yangu!

Nimeshinda. Sista anangoja mlangoni, naandika mbio.

Fainali ilikuwa mimi na Karugendo. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine wamekaa juu ya pikipiki wanachungulia dirishani. Nilianza na vifaru bila Bibi, kama nilivyokuahidi. Akanichinja. Nyigu wake waliingia kama moshi, wakawafumua madereva ndani ya vifaru, unaona kioo kinakuwa chekundu kwa ndani, halafu kingine, halafu kingine. Huku ananiangalia mimi, si skrini. Akasema kwa sauti, "Ukimaliza kufa, nieleze yule mwenzako yuko wapi nikammalizie na mkono wa kushoto."

Nilimtoa Bibi. Nisamehe, ahadi nimeivunja na ningeivunja tena. Niliacha kambi iungue yote. Walinzi wangu walipofunikwa niliwapiga mwenyewe, Nyigu wakaanguka wanawaka pamoja nao. Bibi alifika kando ya maji amebakiwa na miguu minne, anajikokota, akazamisha. Nililipua umeme, nikalipua lango, halafu nikapiga, nikapiga, mpaka hakuna kitu kwenye ile kambi kilichokuwa na umbo. Watu walikuwa wanapiga kelele jina langu.

Karugendo hakufanya fujo. Hilo lilinishangaza. Alikaa ametazama mikono yangu kwenye kibodi, akasema, "Hii si mikono yako." Kisha akatabasamu, akatoka. Sijui alimaanisha nini. Tangu siku ile anakaa tu kwenye kibaraza cha ng'ambo, anakunywa kahawa, haingii ndani. Nadhani ameona aibu.

Ashura

*

Rubya
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Ashura,

Hakuona aibu. Mtu yule alikaa nyuma ya kiti changu miaka miwili akinitazama nikicheza. Hakuna mwingine Bukoba nzima anayeacha kambi yake iungue. Kwa kukuangalia tu amejua kwamba unaongea na mimi. Ndiyo maana nilikukataza. Sikutaka kukuandikia waziwazi kwa sababu nilijua Sista akisoma ataogopa kubeba barua, nami ningebaki bila wewe. Hilo ni kosa langu, lako ni la kuniona nina wivu. Tutagombana tukionana.

Sasa sikiliza. Anajua kwamba unajua. Mahali bado hajui. Barua zisiletwe tena dukani, ziachwe parokiani. Mama Mkuu amekubali nihamishwe Jumatatu ya Pasaka, niende kwenye nyumba yao nyingine Kaagya. Mpaka siku hiyo nakata hostia kwa mkono wa kushoto na kila pikipiki ikipita naacha mkasi unaanguka.

Ninaogopa, Ashura. Kwenye gemu sijawahi kuogopa.

Annastella

Jumanne Kuu. Binti yangu, ni Benadetha. Nimesoma, na moyo wangu hautulii. Alhamisi iliyopita nilipotoka kwako, kijana mmoja mstaarabu sana alinipokea boksi akanibebea mpaka kwenye basi. Alinisalimia Kihaya safi, akasema hostia za mwaka huu ni nyembamba nzuri, akauliza tunaokea wapi. Nilifurahi kuulizwa, hakuna anayeuliza kamwe. Nilimweleza mpaka njia ya kushuka kwenye migomba. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Naomba uniandikie upesi, huyo Karugendo anafananaje? Annastella sijamwambia, nisimharibie Juma Kuu kwa jambo ambalo huenda si lolote. Wiki hii siwezi kusafiri, kazi ya Pasaka ni nyingi, barua hii ataileta dereva wa parokia.

*

Bukoba
Jumatano, 16 Aprili 2025, saa tano asubuhi

Sista Benadetha, Annastella, yeyote atakayefungua,

Ni yeye. Ni yeye mwenye kovu. Leo hayupo kibarazani na pikipiki yake haipo.

Nimepiga namba ya nyumba yenu iliyoandikwa kwenye boksi la hostia, inaita, haipokelewi. Polisi wamesema watatuma mtu. Faruku anakuja na barua hii, nimempa pikipiki ya jirani. Mfungieni Annastella ndani, mwiteni kila mwanamume aliye karibu, msimsikilize akiongea, anaongea vizuri.

Annastella, nimekuuza kwa ushindi wa gemu. Mungu wangu.

Ashura

*

Rubya
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Ashura,

Faruku atakuwa amekusimulia alichokikuta, lakini alikuta mwisho. Nakuandikia mimi, na hii haijasomwa na mtu, kwa sababu anayesoma barua amelazwa.

Alikuja saa sita. Masista wengine walikuwa kanisani, simu iko sebuleni, hakuna wa kuipokea. Mimi nilikuwa nyuma naanika vitambaa vya altare. Nilimsikia akiniita kwa upole, lile jina analoniita akitaka kitu. Nilikimbilia kwenye migomba. Alinipata kwa nywele, akaniburuta kwenye mizizi, akanipiga teke la tumbo, la mbavu, akaniuliza nimecheka mara ngapi na wewe juu yake. Alikanyaga mkono wangu uleule na kuusokota kwa kisigino. Nilisikia ukivunjika upya.

Nikapiga enduru. Unajua kwetu ukipiga yowe lile hakuna anayebaki ndani. Mzee Joackim wa shamba jirani alitoka kibanjani kwake na panga, wanawe nyuma yake, na wengine kutoka kila upande, na magongo, na majembe. Msimu huu wameibiwa kahawa mbichi hadi juu ya miti, wamechoka, na mwizi wa kahawa hapa haulizwi mara mbili. Walimvaa. Niliona gongo likimpata mdomoni. Niliona sikio likining'inia. Alianguka akajikunja kama nilivyokuwa nimejikunja mimi, na Mzee Joackim akamwekea mguu mgongoni, akainua panga, akaniuliza, "Ma, ni omushuma?"

Mwizi? Ashura, ningesema ndiyo. Hata kunyamaza kungetosha. Na nilinyamaza, nikamwangalia, nikamwona Projestus na meno yake, na kitu ndani yangu kilikuwa kinasema acha, acha lishuke. Karugendo aliinua uso. Alikuwa analia kama mtoto. Nami nikasema, "Ni mume wangu."

Panga likashuka pembeni. Hivyo tu. Watu wakapumua, mmoja akacheka. Mzee Joackim akanigeukia amekasirika kweli, "Mwanamke, unampigia mumeo enduru? Tungeua mtu kwa ugomvi wa chumbani?" Mwanawe akaleta maji. Wakamnawisha uso, wakamketisha, wakamwomba radhi. Kisha mzee akaniambia niinuke niende na mume wangu, mambo mengine wazazi watayakalia. Walinisogeza mbele kwa mikono yao, Ashura, taratibu, kama wanaonisaidia. Karugendo alitema jino, akanyoosha mkono, akasema, "Twende, mke wangu."

Nilisema siendi. Hakuna aliyesikia, wote walikuwa wanaongea. Aliyesikia ni Sista Benadetha, alikuwa ametoka kwenye tanuri, unga mpaka viwikoni. Alikuja akasimama katikati yetu, hafiki hata kifua cha yule mtu, akasema, "Amesema haendi." Karugendo alichukua jembe lililokuwa karibu na kumpiga nalo kichwani. Hakusita hata kidogo. Sista alikaa chini kwanza, akanishangaa, ndipo akalala.

Wakati ule hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipiga kelele basi, basi, niliwashika mashati, mmoja akanisukuma bila kunitazama. Sitakuandikia walichomfanya. Ilichukua muda mrefu, na alikuwa anaongea karibu mpaka mwisho. Siku zote za gemu nilikuwa nasikiliza kelele ziishe. Hizi niliziba masikio.

Sista ameamka Jumapili ya Pasaka. Sikio la kushoto halisikii na anasahau majina, lakini aliniuliza kama nimekula. Mzee Joackim na wanawe wako polisi. Mama Joackim akiniona anageuza uso. Wewe usijiite muuzaji. Ulikosea, na mimi nilificha, na Sista alifurahi kuulizwa. Aliyekuja na chuki kutoka Bukoba ni mmoja. Nimekukasirikia siku tatu, ya nne nikakukumbuka, ndiyo maana naandika kwa kushoto hivi vibaya.

Jana alikuja baba yake mdogo Karugendo, Mzee Kahangwa, na wazee wawili. Walikaa, wakanywa maji, wakaongea kwa heshima. Wanasema nilimtambua mume wangu mbele ya kijiji kizima, kila mtu alisikia, kwa hiyo mimi ni mjane wao. Polisi wameuachia mwili juzi, na wananitaka msibani. Nikae na wanawake, nimlilie, nimtupie udongo kama mkewe, na baada ya matanga ukoo utaamua nikae kwa nani. Kitanda wameshatandika.

Nililia walipokuwa wanaongea, Ashura, nisikufiche. Nilimlilia na yeye pia. Mzee Kahangwa akadhani nimekubali, akainuka kunishika mkono.

Nikamwambia, "Mzee, heshima yenu nimeipokea, na pole nawapa kwa moyo wote. Neno lile nililisema ili aishi. Hakuishi. Mzikeni nalo."

Annastella